Bai Qi, Lian Po na Shutuma ya Uoga

SWALI: Mhariri, mimi na shemeji yangu tumekuwa tukibishana tangu Pasaka kuhusu majemadari wa Uchina ya kale. Yeye anashikilia kwamba Bai Qi wa dola la Qin hakuwa na mfano, na kwamba mpinzani wake, Lian Po wa Zhao, alikuwa mwoga aliyejificha nyuma ya kuta huko Changping. Mimi namtetea Lian Po, ila hoja zimeniishia. Tena, ni kweli kwamba askari 400,000 waliuawa baada ya kusalimu amri?
Msomaji wa Buruburu, Nairobi

JIBU: Kuna jambo ambalo ninyi nyote wawili mmelipitia: Bai Qi na Lian Po hawakupambana Changping. Jemadari wa Qin aliyekabiliana na Lian Po huko alikuwa Wang He, na Bai Qi alipokabidhiwa jeshi hilo mwaka 260 KK, Lian Po alikuwa ameshavuliwa madaraka. Qin ilificha hata kuja kwake, ikatangaza kwamba yeyote atakayeitoa siri hiyo kambini atauawa.

Ama huo unaoitwa uoga, chanzo chake ni hesabu. Vita vilizuka kwa sababu jimbo la Shangdang, lililokuwa la dola la Han na ambalo Qin ilikuwa imelitenga na nchi yake, lilichagua kujisalimisha kwa Zhao, na mfalme wa Zhao akalipokea akijua kwamba Qin haitanyamaza. Lian Po alishindwa katika mapambano kadhaa ya mwanzo, akapoteza ngome na maofisa, ndipo akajifungia nyuma ya kuta zake na kukataa kutoka hata alipochokozwa, kwa kuwa adui alikuwa mbali na kwao na alilazimika kuvusha nafaka yake milimani. Ikiwa mbinu hiyo haikuwa na maana, shemeji yako atueleze kwa nini Fan Ju, waziri mkuu wa Qin, alituma dhahabu Zhao ili uenezwe uvumi kwamba mtu pekee ambaye Qin inamhofia ni Zhao Kuo. Nakiri, hata hivyo, kwamba mfalme wa Zhao alikuwa na sababu ya kukosa subira, maana nchi yake pia ilipungukiwa na nafaka, na ilipoomba msaada kwa dola la Qi ilinyimwa.

Mfalme akameza chambo na kumteua huyo Zhao Kuo, kijana aliyevijua vitabu vya vita kiasi kwamba baba yake, jemadari Zhao She, hakuweza kumshinda kwa maneno. Aliyepinga uteuzi huo kwa nguvu alikuwa mama yake mwenyewe. Alimweleza mfalme kwamba marehemu mumewe aligawa kwa maofisa wake kila zawadi aliyopewa, ilhali mwanawe alizirundika nyumbani na kila siku alitafuta mashamba na nyumba za kununua (homa hiyo ya ploti sisi wa Nairobi tunaifahamu). Mfalme alipokataa kumsikiliza, mama aliomba ahadi kwamba yeye hataadhibiwa mwanawe akishindwa, akapewa.

Bai Qi alijifanya anashindwa, akarudi nyuma, na Zhao Kuo akamfuata hadi kwenye kuta za Qin. Askari 25,000 wakakata njia ya nyuma, wapanda farasi 5,000 wakalitenga jeshi na kambi yake, na mfalme wa Qin akaenda mwenyewe Henei kuwaandikisha wanaume wote waliozidi miaka 15 ili wazuie msaada wowote usifike. Jeshi la Zhao lilikaa siku 46 bila chakula, watu wakafikia kulana, na Zhao Kuo akauawa kwa mishale akijaribu kupenya. Hapo shemeji yako hajakosea: uwanjani Bai Qi alimpita Lian Po kwa mbali, na ushindi wake wa Yique mwaka 293 KK pamoja na kutwaliwa kwa Ying, mji mkuu wa dola la Chu, mwaka 278 KK, unathibitisha hivyo.

Kuhusu askari 400,000, idadi hiyo inatoka kwa mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika zaidi ya miaka 150 baadaye, na anasema kwamba vijana 240 tu ndio walioachiwa warudi kwao. Mauaji yenyewe siyatilii shaka, kwa sababu wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata makaburi ya pamoja huko Gaoping, mkoani Shanxi. Idadi ndiyo naipokea kwa tahadhari, kwani Qin iliwapandisha askari vyeo kwa hesabu ya vichwa vya maadui, na utaratibu wa namna hiyo hauwafundishi watu kupunguza hesabu. Bai Qi naye hakufaidi ushindi huo kwa muda mrefu: alipokataa kuongoza mashambulizi dhidi ya Handan, mji mkuu wa Zhao, mfalme wa Qin alimpelekea upanga ajiue, na inasimuliwa kwamba alikiri kustahili kifo kwa sababu ya wale wa Changping.

Hoja unayoitafuta, hata hivyo, iko ndani ya Qin yenyewe, miaka zaidi ya 30 baadaye. Jemadari kijana Li Xin aliahidi kuishinda Chu kwa askari 200,000, akapigwa vibaya. Mzee Wang Jian, aliyekuwa amesema tangu mwanzo kwamba 600,000 ndio watakaotosha, akaitwa. Njiani alituma wajumbe mara kwa mara kumwomba mfalme mashamba na nyumba, mambo yale yale yaliyomtia hofu mama yake Zhao Kuo, ila yeye alifanya hivyo ili mfalme mwenye shaka aone kwamba jemadari anawaza urithi wa wanawe na si kiti cha enzi. Kisha akajifungia nyuma ya kuta, akakataa kupigana, akawaacha askari wake wapumzike, waoge, washibe na kushindana kurusha mawe, hadi jeshi la Chu lilipochoka kungoja na kuanza kuondoka. Hapo ndipo alipolishambulia, na mwaka 223 KK Chu ikaanguka. Mpelekee shemeji yako huyo Wang Jian, kisha umuulize kama naye alikuwa mwoga.