Maswali ya Wasomaji: Ngome za Kale Juu ya Rasi za Bahari

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba katika pwani zenye magenge za Ayalandi, Uingereza na Ufaransa zipo rasi ambazo watu wa kale walizigeuza ngome kwa kuchimba handaki na kujenga ukuta upande mmoja tu, ule wa nchi kavu, huku pande nyingine zote wakiiachia bahari. Je, huko si kujitia mtegoni? Adui akiishika shingo ya rasi, waliomo ndani wangekimbilia wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, maelezo ya kale yanayolijibu swali lako vizuri zaidi tumeachiwa na adui. Mwaka 56 KK jeshi la Kirumi chini ya Julius Caesar lilipigana na Waveneti, watu wa kusini mwa Brittany katika nchi ambayo leo ni Ufaransa. Katika taarifa zake za vita vya Galia (jina la kale la nchi hiyo), Caesar anaeleza kwamba maboma yao yalikuwa kwenye ncha za rasi, mahali ambapo askari wa miguu hawakuweza kufika maji yakiwa yamejaa, na ambapo merikebu nazo hazikuthubutu kukaa, kwa kuwa maji yakipwa zingekwama. Warumi walijenga kingo kubwa za kuyazuia maji ili wapate kuukaribia ukuta. Lakini kila walipokaribia kuingia, Waveneti walileta vyombo vyao, wakapakia watu na mali, wakahamia rasi nyingine, na kazi ikabidi ianze upya. Hali hiyo iliendelea kwa sehemu kubwa ya kiangazi.

Kwa Waveneti, basi, bahari ilikuwa njia ya kutokea, na ngome zao hazieleweki bila vyombo vyao. Caesar anavisifu waziwazi: vilijengwa kwa mbao za mwaloni, chini vikiwa bapa ili visidhurike maji yanapopwa, vikiwa na matanga ya ngozi na nanga zilizofungwa kwa minyororo ya chuma badala ya kamba. Ndiyo maana vita havikuamuliwa kwenye kuta bali majini. Vyombo takriban 220 vya Waveneti vilipokutana na kikosi cha merikebu za Kirumi kilichoongozwa na Decimus Brutus, Warumi walitumia miundu iliyofungwa kwenye ncha za miti mirefu kuzikata henza, yaani kamba za kupandishia matanga, foromali (miti inayobeba matanga) zikaanguka pamoja na matanga, na baadaye upepo ukatulia kabisa, hata vile vilivyojaribu kukimbia vikashindwa kwenda popote. Baada ya hapo hofu unayoitaja iliwakuta kweli, kwa sababu walibaki na ngome bila vyombo. Walijisalimisha, Caesar akawaua wazee wote wa baraza lao na kuwauza waliobaki utumwani.

Hata hivyo, ningependa uwe mwangalifu, kwa kuwa waandishi wengi huichukua habari hii ya Waveneti na kuitandaza juu ya kila rasi yenye handaki kuanzia Brittany hadi Uskoti, jambo ambalo mabaki yenyewe hayaliruhusu. Tazama Dunbeg, ngome ndogo iliyo kusini mwa rasi ya Dingle, kaunti ya Kerry, magharibi mwa Ayalandi. Anayeiendea kutoka nchi kavu hukutana na mahandaki matano na matuta manne ya udongo, kisha ukuta mnene wa mawe yaliyopangwa bila chokaa, wenye mlango mmoja mwembamba na vyumba vya walinzi pembeni yake. Chini ya njia ya kuingilia upo ushoroba wa siri uliojengwa kwa mawe. Kazi yote hiyo inalinda nini? Ndani mna nyumba moja ya mawe. Uchimbuzi uliofanywa mwaka 1977, pamoja na upimaji wa kaboni unaokadiria umri wa mabaki, ulionyesha kwamba mahali hapo palianza kutumiwa karne kadhaa kabla ya Kristo, na kwamba nyumba hiyo ilikuwa na wakaaji katika karne ya 10 au ya 11 BK, yaani zaidi ya miaka elfu moja baadaye. Jabali lililo chini yake halina bandari ambayo mtu angeitegemea siku ya mawimbi. Ni vigumu kuamini kwamba watu walichimba mahandaki matano kwa ajili ya usalama peke yake. Mimi naona kwamba matuta yale yalikusudiwa pia kuonekana, ili mgeni anayekaribia atambue uwezo na heshima ya aliyekaa ndani. Maoni hayo wanayo pia waakiolojia wengi wa leo, ingawa hawakubaliani juu ya uzito wa kila sababu.

Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, inatuonyesha sura nyingine. Rasi iitwayo The Rumps, yenye matuta matatu yaliyokatiza shingo yake, ilichimbuliwa kati ya mwaka 1963 na 1967, na mabaki yake yanaonyesha maisha ya kila siku: vifaa vya kusokotea sufu, mifupa ya kondoo, na dalili za mawasiliano na nchi za Mediterania. Kule Trevelgue Head, ambako uchimbuzi wa mwaka 1939 ulikatizwa na Vita Kuu ya Pili, ilipatikana nyumba kubwa ya duara pamoja na ushahidi wa ufuaji wa chuma. Mahali pa namna hii palikuwa kijiji, karakana na pengine soko, wala si kimbilio la siku ya hatari tu.

SWALI: Walipata wapi maji ya kunywa katikati ya maji ya chumvi?

JIBU: Rasi nyingi hazina kisima kinachojulikana, na hilo ni hoja nzito kwamba baadhi yake zilitumiwa kwa muda mfupi au kwa majira fulani. Burghead, kaskazini-mashariki mwa Uskoti, ni tofauti. Hapo Wapikti, watu wa kale wa kaskazini na mashariki mwa Uskoti, walikuwa na ngome iliyo miongoni mwa kubwa zaidi zao zinazojulikana, na mwaka 1809 watu waliokuwa wakitafuta maji kwa ajili ya mji mpya walifukua ngazi zinazoshuka hadi kwenye chumba kilichochongwa ndani ya mwamba, chenye birika katikati. Inasikitisha kwamba ujenzi wa mji huohuo ulifuta zaidi ya nusu ya ngome. Inasimuliwa kwamba mawe yaliyochongwa picha za mafahali yalikuwa kama 30, yamesalia sita. Chuo Kikuu cha Aberdeen kimekuwa kikichimbua sehemu iliyobaki tangu mwaka 2015, na kimeonyesha kwamba chini ya ardhi iliyodhaniwa kuwa imeharibiwa kabisa bado kuna misingi ya majengo.

SWALI: Ni kweli kwamba bahari inazimaliza ngome hizi?

JIBU: Ni kweli, na ni suala ambalo halipewi uzito unaostahili. Bahari iliyowalinda wajenzi inakula rasi kutoka pande tatu, hivyo eneo la ndani tunaloliona leo karibu kila mahali ni dogo kuliko lile lililozungushiwa ukuta hapo mwanzo. Dhoruba za Januari 2014 ziliporomosha sehemu ya Dunbeg, pamoja na upande mmoja wa mlango wake. Dunnicaer, karibu na Stonehaven huko Uskoti, ambayo ilikuwa ngome ya Wapikti katika karne ya 3 na ya 4 BK, leo ni nguzo ya mwamba iliyotengwa na nchi kavu, na waakiolojia walilazimika kuipanda kwa kamba ili kuichimbua.

Kasi ya uharibifu hutegemea mwamba. Matale, yaani mwamba mgumu, hustahimili, lakini Dinas Dinlle ya kaskazini mwa Wales, ambayo ni kilima cha pwani wala si rasi halisi, imeundwa kwa mchanga na changarawe zilizoachwa na barafu ya kale, na upande wake wa magharibi umekwisha kuanguka baharini. Mradi wa CHERISH, uliounganisha wataalamu wa Wales na Ayalandi kati ya mwaka 2017 na 2023, uliipima ngome hiyo kwa droni na leza, na uchimbuzi wake ukafunua nyumba ya duara ya mawe yenye kipenyo cha takriban mita 13, ikiwa karibu na ukingo unaoporomoka. Kujenga kingo za saruji chini ya kila rasi haiwezekani, na mara nyingi kingo hizo huhamishia nguvu ya mawimbi upande wa pili. Kinachowezekana ni kupima, kupiga picha na kuchimbua mapema zile ngome zilizo katika udongo laini, na kazi hiyo ifanyike kwanza pale ambapo ukingo umekwisha kuifikia nyumba.