Jibu: Kadi za Portal kwenye Magic ya kawaida

Mkuu, hapo ulipouliza kama kadi za Portal za 1997 (seti ya wanaoanza) zinaingia kwenye Magic: The Gathering kamili, ule mchezo wa kadi, bila kuzifanyia marekebisho: zinaingia, na si lazima ujitungie kanuni. Tangu Oktoba 2005 zinaruhusiwa rasmi kwenye Legacy na Vintage, aina mbili za mashindano zinazoruhusu kadi za zamani.

Kinachosumbua ni maneno. Portal ilitengenezwa kwa wanaoanza, kwa hiyo ilikwepa msamiati mgumu na haikuwa kabisa na kadi za kuchezwa papo kwa papo (instant), yaani zile unazoweza kucheza hata kwenye zamu ya mwenzio. Matokeo yake kuna kadi zilizochapishwa kama uchawi wa zamu yako tu (sorcery), halafu maandishi yanakuambia uzicheze ukiwa unashambuliwa! Mystic Denial ndiyo mfano wangu wa siku zote: inapinga kadi ya mwenzio anapoicheza, lakini juu imeandikwa aina isiyofanya hivyo. Leo inahesabiwa kuwa kadi ya papo kwa papo. Viumbe navyo vilichapishwa bila kabila. Baadaye vikapewa, na hilo lina uzito kama dasta yako ya kadi inategemea kabila moja, kama goblini au elvu (elf).

Kwa hiyo usisome kadi, soma maandishi yake ya sasa kwenye Gatherer, kanzidata rasmi ya mchezo. Mimi huyachapa kwenye kikaratasi na kukiweka ndani ya mfuko wa plastiki nyuma ya kadi. Mabishano mezani yanapungua sana.

Ukibahatika kuwa na Imperial Seal, kadi ya Portal Three Kingdoms (seti nyingine ya Portal), hiyo Legacy imeipiga marufuku.