Barua kwa mwanangu: tui zito

Kwako mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi hatujambo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa juu ya mbuzi nakuna nazi. Unauliza: "Mama, shairi lako la tui watu wanalitaja mpaka leo. Mimi langu la subira nimelisoma kazini, wakapiga makofi ya adabu tu. Unatoaje funzo kwenye kitu cha jikoni?"

Mwanangu, mimi sikutoa funzo. Nilikuwa na hasira.

Nilikuwa na miaka 26, mdogo wangu mmoja keshaolewa na wa pili anaolewa kesho yake, mimi kifungua mimba bado niko jikoni kwa bibi. Nikapewa nazi 14 za kisamvu cha wageni. Nikamwangalia bibi. Tui zito, lile la kwanza kutoka kwenye kifumbu, alilifunika akaliweka kando. Chicha akaitia maji, akakamua tena, na hilo tui jepesi ndilo likatangulia chunguni. Zito ukilitia mapema, likachemka bila kukorogwa, linakatika. Unabaki na madonge na mafuta yanaelea. Hayo nilikuwa nayajua tangu utoto, ila siku ile ndiyo niliyaona.

*Tui zito la awali, hukamuliwa mwanzoni,*
*Lakini huwekwa mbali, likangoja bakulini,*
*Jepesi lile la pili, ndilo huanza motoni,*
*Zito haliji kwa kweli, hadi mboga i laini.*

Hiyo "kwa kweli" ni ya kujazia, nakiri, na mpaka leo inaniudhi. Lakini tazama, humo hamna neno ndoa. Nilimwimbia bibi huku anakoroga. Hakuinua kichwa. Akasema, "Hilo tui lina jina, eh?" Nikalia, naye akanipa upawa nikoroge mimi.

Lako linaanza "Subira ni jambo jema". Mizani 8 zimetimia, vina vimekaa, sina neno. Ila nani atakubishia? Mtu akishakubali kwenye mshororo wa kwanza, hana haja ya kuufuata wa pili. Hata Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utendi mzima wa mawaidha mwaka 1858 wala hakuficha kwamba anausia, alimwita kwanza asogee na wino na karatasi, na wosia wenyewe akaufanya hirizi ya kufungwa kwa uzi, akaufanya kidani cha lulu. Binti alipewa kitu cha kuvaa.

Na usivilalamikie vina kama wenzio wanaoviita pingu. Mimi nilipokuwa natafuta neno la kuishia na "-ni", ilinibidi nikiangalie tena kitu chenyewe: tui linangojea wapi? Bakulini. Jepesi linaanzia wapi? Motoni. Bila kina lile bakuli ningelisahau, na bakuli ndilo lililomfanya bibi anielewe.

Sasa wewe huko Dodoma uliniambia maji yanakuja usiku wa manane, unaamka kupanga ndoo. Ya kwanza kujazwa ni ipi, ya kunywa au ya kufulia? Ile yenye ufa unaiweka wapi kwenye foleni, na kwa nini hujaitupa? Anzia hapo. Subira usiitaje hata mara moja.

Beti mbili zinanitosha. Nitumie kwa maandishi, kwa sauti napoteza hesabu ya mizani. Naishia hapa, baba yako keshauliza mara mbili kama wali umeiva, na hii nazi kwa ajili yako nimeikuna mpaka kwenye kifuu, imejaa weusi.

Mama yako