Jibu: Mahindi yakikosa maji huacha kupumua?

Ndugu, umeuliza kama mahindi yako ya huko Isimani, Iringa, yanayosokota majani tangu saa nne asubuhi, yameacha kupumua kwa ukame. Hayajaacha. Kinachoshuka kwanza ni kujitengenezea chakula: vitundu vya majani hujifunga maji yasipotee, hewa ya ukaa inaingia kwa shida, sukari inapungua. Upumuaji ndani ya mitokondria, yaani vijisehemu vya seli vinavyochoma sukari kupata nguvu, nao hupungua, hasa ule wa kukuza majani mapya, lakini ule wa kuitunza seli iwe hai hausimami usiku wala mchana. Yaani mapato yamekatika, matumizi ya nyumbani yako palepale, na joto likipanda yanaongezeka.

Ndiyo maana ukimenya hindi unakuta ncha tupu, au punje zilianza kujaa zikasinyaa. Mimi huogopa zaidi ukame ukikuta mbelewele (maua ya kiume juu ya bua) na ndevu za hindi zinatoka. Hapo hata wiki moja inaumiza sana, kuliko mimea ikiwa bado ya magotini.

Mabua ya msimu uliopita usiyachome, tafadhali. Yatandaze katikati ya mistari, unyevu ukae. Na palizi usicheleweshe, magugu yanakunywa maji hayohayo.