Uliza Tukujibu: Twilight Zone ya kizamani, niirudie au niache?

SWALI: Shikamoo mhariri. Kuna jamaa kanipa flashi yenye Twilight Zone yote, ile tamthilia ya TV ya Kimarekani ya zamani isiyo na rangi, kila episodi na hadithi yake, nikasema ngoja nianze upya. Shida miisho nishaijua, yule mpenda vitabu mwishowe miwani inavunjika, sasa utamu uko wapi? Halafu mbona kuna zingine picha imekaa kama taarifa ya habari, na zingine ndeeefu mpaka unasinzia? Nirudie zipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Hiyo ya miwani ruka tu, ukishaijua ndo basi. Ila "Eye of the Beholder" ya 1960 irudie hasa kwa sababu mwisho unaujua. Mara ya kwanza macho yote yalikuwa kwenye bandeji za usoni mwa yule mwanamke aliyelazwa hospitali, sasa hivi mwangalie mwongozaji Douglas Heyes anavyowaficha sura madaktari na manesi, mara kivuli, mara mgongo, mara mikono tu, na mtu wala hushtuki kwamba hujaona uso hata mmoja. Sikiliza na sauti zao zilivyo za upole. Tena mwenye bandeji ni Maxine Stuart, zikitoka bandeji anakuja mwingine kabisa, Donna Douglas!

Kisha "The Monsters Are Due on Maple Street", nayo ya 1960. Umeme unakatika, magari hayawaki, dogo mmoja anasema kasoma hadithi ya viumbe wa anga wanaotanguliza wenzao wenye sura za watu, basi hapo ujirani kwisha. Mtu anaandamwa kisa gari lake limewaka lenyewe na usiku huwa anaangalia nyota. Mwenzao aliyeenda kucheki mtaa wa pili anarudi gizani anapigwa risasi. Wale viumbe wa mwishoni hata wangekatwa mi nisingelalamika, kwa sababu kazi yote wameshaifanya majirani wenyewe.

Na Rod Serling, aliyeianzisha Twilight Zone, alikuwa na sababu ya kupitia huko angani. Kabla ya hapo aliandika tamthilia iliyotokana na mauaji ya Emmett Till, kijana mweusi aliyeuawa Mississippi 1955, ikabadilishwa na kubadilishwa kwa kuogopa wadhamini mpaka ilivyoruka 1956 haitambuliki. Ukiweka viumbe wa sayari nyingine hakuna mdhamini anayeshtuka.

Zile za taarifa ya habari ni episodi sita za sizoni ya pili, walirekodi kwa kanda ya video badala ya filamu ili kubana matumizi, na kweli zimechuja. Ndefu ni sizoni ya nne, 1963, walitakiwa wajaze saa nzima na hadithi nyingi za nusu saa zikavutwa kama mpira. Nyingi ziache. Ila "On Thursday We Leave for Home" usiiguse ukiwa na usingizi, ni kiongozi aliyewalea watu wake miaka kwenye sayari ya jua kali, chombo cha kuwarudisha duniani kinafika, na yeye ndo hataki waondoke.