Gharama ya mkono wa Luke

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: katika filamu za anga zenye sura ya visasili, kipi kinaharibu utamu zaidi, stelingi asiyekua au kisa kisichoshikana? Nimelibeba swali hili siku tatu dukani kwangu hapa Mbuyuni, Moshi, na kila nikichagua kimoja, kingine kinakuja nacho. Kwangu ni kitu kimoja. Mhusika hukua pale tendo lake linapomgharimu, na kisa kinachoshikana ndicho kinachomdai gharama hiyo mpaka ailipe.

Nianze na ninayoyasamehe. Angani hakuna hewa ya kubeba sauti, lakini kwenye Star Wars ya mwaka 1977 vyombo vinanguruma na kulipuka kwa kishindo. Han Solo, rubani wa humo, anajisifu kwamba chombo chake kilimaliza njia ya Kessel kwa parseki zisizofika 12, ilhali parseki ni kipimo cha umbali, kama miaka ya nuru 3.26 hivi, wala si cha muda. Yote hayo nasamehe. Utotoni tuliangalia mikanda kwenye kibanda umiza cha kule Majengo, tumebanana kwenye mabenchi, mtafsiri anatushushia Kiswahili juu ya Kiingereza, na sikumbuki hata mtu mmoja aliyelalamika kwamba chombo kinapiga kelele. Lakini adui aliyekufa mbele ya macho yetu akiibuka tena bila maelezo, kibanda kizima kilizomea. Watoto wa darasa la nne walijua tofauti ya mambo hayo mawili.

Mimi niliijua tofauti hiyo kwa bibi yangu wa Kibosho kabla sijaona skrini yoyote. Sisi Wachaga tuna hadithi ya Mrile, na hiyo ni safari ya anga hasa. Kijana anaona gimbi zuri kama mtoto mchanga, analificha kwenye shimo la mti, linageuka mtoto kweli. Anamlisha chakula chake mwenyewe mpaka anakonda. Mama anagundua, anamuua yule mtoto. Mrile anakaa kwenye kigoda cha baba yake na kukiamuru kipae, nacho kinapanda naye mpaka mbinguni. Huko anawakuta watu wanaookota kuni, wengine wanakata majani, na kila kundi linamwonyesha njia baada ya kuwasaidia kazi kwanza. Anafika kwa Mfalme wa Mwezi, anakuta watu wanakula vibichi, anawafundisha moto, wanamlipa mifugo. Wakati wa kurudi anachoka, na dume moja la ng'ombe linamuuliza: nikikubeba, siku nikichinjwa utakula nyama yangu? Anaahidi hatakula.

Gimbi kugeuka mtoto, kigoda kupaa, ng'ombe kusema: hayo hatukuyahoji. Ila Bibi akisahau lile sharti la ng'ombe, wajukuu wote tulimkatiza. Tulijua bila sharti lile mwisho hauna miguu.

Sasa nije kwa Luke Skywalker, stelingi wa Star Wars. Katika filamu ya pili, The Empire Strikes Back ya 1980, anaacha nusu mafunzo ya mwalimu wake Yoda, amekatazwa, anakimbilia kuwaokoa rafiki zake. Wengi humsifu kwa upendo wake. Mimi naisifu filamu kwa kutomhurumia. Anaingia mtegoni, anakatwa mkono wa kulia, na aliyemkata, adui yake mkuu Darth Vader, anamwambia kwamba yeye ndiye baba yake. Hamwokoi mtu. Ni rafiki zake wanaojinasua wenyewe, kisha wanarudi kumchukua akiwa ananing'inia chini ya mji unaoelea mawinguni.

Najua kuna kiraka hapo. Mwaka 1977 Obi-Wan, mwalimu wake wa kwanza, alimwambia kijana kwamba Vader alimuua baba yake, na katika rasimu ya filamu ile ya pili, aliyoiandika Leigh Brackett mwaka 1978, baba huyo anatokea kama mzimu, mtu mwingine kabisa na Vader. Kisa kilibadilishwa safari ikiwa imeshaanza. Obi-Wan anapojitetea katika filamu ya tatu, Return of the Jedi ya 1983, kwamba alisema kweli kwa mtazamo fulani, mshono unaonekana wazi. Nakikubali kiraka kwa sababu kilimwongezea Luke mzigo, hakikumpunguzia.

Na tazameni mzigo ule unavyofanya kazi. Mwaka huo wa 1983 Luke anamshinda Vader kwa hasira na kumkata mkono. Ndani ya mkono ule zinaonekana nyaya. Anautazama, kisha anautazama mkono wake mwenyewe wa bandia ndani ya glovu nyeusi. Anatupa upanga. Hakuna anayemhubiria kitu. Kosa la filamu iliyopita limekaa mwilini mwake, na ndilo linalomzuia. Baba, akiona mwanawe anachomwa kwa radi na Mfalme Palpatine, bwana wa Vader, anambeba yule mfalme na kumtupa shimoni, na tendo hilo linamgharimu uhai.

Ndiyo maana filamu ya 2019, The Rise of Skywalker, iliniuma, na bado inaniuma. Palpatine yuko hai. Anayetoa habari anasema tu kwamba kwa namna fulani amerudi, mwenzake anakisia habari za sayansi ya giza na kunakili viumbe, kisha mambo yanasonga. Wapenzi wa filamu hiyo huniambia natafuta makosa madogo. Si dogo. Baba wa Luke alinunua kitu kwa uhai wake, na waandishi wamekitoa mkononi mwake bila hata kueleza namna. Vyombo vingenguruma angani mpaka kesho nisingeandika barua hii.

Bibi alilijua hilo. Mrile aliporudi nyumbani aliwaonya wazazi, lakini dume lilipozeeka baba alilichinja, na mama akachanganya mafuta yake kwenye unga wa kijana kwa siri. Mrile alipotia mdomoni, nyama ikamuuliza, unanila mimi niliyekubeba? Akaanza kuzama ardhini. Tulilia, tukamsihi Bibi amtoe, hata kwa uchawi tu, hata kidogo. Alikataa. Alisema kesho ataanza tena kwenye gimbi kama tunataka. Kesho yake alianza tena kwenye gimbi, na Mrile akazama tena.