Ufizi ukitoka damu, usiukimbie

Swali la wiki liliuliza: "Ni tabia gani ndogo ya kila siku uliyoibadilisha ukubwani, na nini kilikusukuma?" Langu ni mswaki wa usiku, na kilichonisukuma ni damu.

Kwa miaka kadhaa fizi zangu za upande wa kushoto zilikuwa zikitoka damu kila nikipiga mswaki. Nikaona bora nipaache pale papoe penyewe, kama kidonda. Ramadhani ndiyo nilizidi. Nikiogopa damu isinishuke kooni nikaharibu saumu yangu, siugusi mswaki mchana kutwa; na usiku, baada ya futari na tambi za sukari, usingizi ushanichukua.

Daktari wa meno hapa Chake Chake alicheka kidogo, kwa adabu. Pale ninapopakimbia ndipo panapougua, akasema, na panaugua kwa sababu napakimbia. Utando wa vijidudu unajishika kwenye shina la jino, ufizi unavimba, ukiguswa kidogo tu unatoka damu. Utando ukiachwa hugeuka ugaga, mgumu kama chokaa iliyokaukia kwenye kijaluba, kile kikopo cha tambuu, na huo mswaki hauutoi tena. Mpaka ukwanguliwe kwa daktari. Ufizi uliovimba hurudi hali yake. Mfupa unaoshika jino ukishaliwa, haurudi.

Sasa natumia mswaki laini, nimeulaza kidogo kuelekea ufizi, naupeleka taratibu kwa dakika mbili nzima (jaribu kuhesabu, utaona ni nyingi!). Dawa ya meno iwe na floridi, madini yanayoimarisha meno, na povu natema tu, sisukutui. Mwezi wa Ramadhani napiga baada ya daku, kabla ya adhana, na tena kabla ya kulala. Mchana nina mswaki wa mti, ambao kwa mbele hauna mpinzani, ila nyuma ya magego ya ndani haufiki vizuri. Njiti ya kiberiti ya kuchokolea meno nimeitupa. Siku za mwanzo damu ilitoka vilevile. Wiki ya pili mate yakawa meupe.

Aliyebaki ni mama. Ana kisukari, na sukari ikipanda fizi nazo huharibika upesi, tena fizi zikiugua sukari inakuwa ngumu kushuka. Tambuu hajaiacha. Mswaki wa usiku ameukubali, kwa sharti nimpelekee mimi kopo la maji mpaka kitandani.